Twickenham na Wakazi Wake Maarufu: Walifuata Nini Kando ya Thames?

Mtu akianza kutaja watu maarufu waliowahi kuishi Twickenham, kitongoji kilicho kando ya mto Thames kusini-magharibi mwa London, majina huja kwa mkupuo: mshairi Alexander Pope, Henrietta Howard aliyekuwa hawara wa mfalme, Horace Walpole mtoto wa waziri mkuu, mchoraji Turner, Louis Philippe wa Ufaransa, Manuel II wa Ureno, Sir Ratan Tata wa Bombay, Trevor Baylis aliyebuni redio ya kuzungusha kwa mkono. Wote huitwa wakazi, na hapo ndipo msomaji anapoanza kupotea. Orodha inawakalisha mkeka mmoja watu ambao hawakufika pale kwa njia moja. Kuna aliyebanwa na sheria za dini, kuna aliyekuwa akimkimbia mume, kuna waliofukuzwa kwenye viti vya enzi, na kuna aliyetaka tu mahali pa kumtuliza baba yake mzee. Njia nzuri ya kuwatenganisha ni kumuuliza kila mmoja maswali mawili: nini kilimleta, na nyumba aliyolala ilikuwa ya nani?

Kwanza mto wenyewe, kwa sababu bila mto hakuna habari. Twickenham iko maili 10 hivi kutoka katikati ya London, yaani kama kilomita 16. Katika karne ya 18 barabara zilikuwa mbovu, zikiwa na wanyang'anyi, na njia ya uhakika ilikuwa maji. Mtu wa pwani atalielewa jambo hili haraka kuliko Mzungu wa leo: maji ya bahari hupanda Thames mpaka Teddington, juu kidogo ya Twickenham. Yakijaa, mashua inapanda nayo. Yakipwa, inashuka nayo mpaka Westminster. Aliyejua saa za maji angeweza kuhudhuria mambo ya mjini na bado akawa na bustani.

Tena mahali penyewe palikuwa upande wa heri. London ilipika na kuota moto kwa makaa ya mawe, na pepo za huko huvuma zaidi kutoka magharibi, kwa hiyo moshi ulisukumwa mashariki. Uchafu wa jiji nao ulimwagwa mtoni chini ya Twickenham. Juu ya mto kulikuwa na kasri la Hampton Court, chini kidogo kulikuwa na Richmond na Kew, ambako jamaa wa kifalme walikuwa na makazi. Aliyetaka kuwa jirani wa wakubwa bila kukaa chini ya pua zao hakuwa na mahali pazuri zaidi.

Sasa Pope. Alizaliwa London mwaka 1688, mwaka uleule ambao mfalme Mkatoliki James II aliikimbia Uingereza, na wazazi wake walikuwa Wakatoliki. Maelezo yanayorudiwa sana ni kwamba sheria iliwakataza Wakatoliki kuishi ndani ya maili 10 kutoka London, basi Pope akaenda kukaa pale mpaka huo wa maili ulipoishia. Sheria hiyo ilikuwepo kweli, tangu 1689. Lakini maelezo haya yana tundu. Kabla ya kuhamia Twickenham mwaka 1719, Pope aliishi Chiswick kwa takriban miaka mitatu, na Chiswick imo ndani kabisa ya hizo maili 10. Sheria ilikuwa hai vitabuni, ila haikuwa ikitekelezwa kila siku. Ilisubiri miaka ya wasiwasi, kama ule wa 1715 wafuasi wa ukoo wa James walipoasi. Mkatoliki aliishi akijua kwamba jirani mwenye chuki anaweza kuikumbusha serikali wakati wowote.

Iliyombana Pope zaidi, kwa maoni yangu, ni sheria nyingine isiyotajwa sana: ile iliyowazuia Wakatoliki kununua ardhi. Ndiyo maana mtu aliyeifanya Twickenham ijulikane Ulaya hakumiliki hata futi moja ya udongo wake. Alikuwa mpangaji tangu alipoingia mpaka alipokufa mwaka 1744. Kodi aliilipa kwa pesa za kalamu, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Alipoifasiri Iliad, utenzi wa kale wa Homer, kutoka Kigiriki, aliuza nakala kwa wasomaji waliolipa kabla ya kitabu kutoka, naye akapata kama pauni 5,000. Hakuwa na haja ya kumpigia magoti bwana yeyote ili ale. Vyuo vikuu na vyeo vya serikali vilikuwa vimefungwa kwa watu wa dini yake. Soko la vitabu halikumuuliza anasali wapi.

Mwili wake nao ulikuwa na sauti katika uamuzi huo. Tangu utotoni alikuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, akabaki na kibiongo na kimo cha mita 1.4 hivi. Moshi wa London ulimtesa. Twickenham ilimpa hewa, na mashua ilimpa safari isiyomtikisa kama gari la farasi.

Nyumba, iliyokarabatiwa kwa michoro ya msanifu James Gibbs, ilitazama mto, lakini bustani kubwa ilikuwa ng'ambo ya barabara iendayo Hampton Court. Pope akachimba njia chini ya barabara, kisha akaigeuza njia hiyo kuwa pango la maajabu: kuta zikapambwa kwa makombe ya baharini, vipande vya vioo na mawe ya madini aliyoletewa na marafiki. Milango ikifungwa, mwanga uliopenya ulichora ukutani picha za mto, vilima na mashua zinazopita. Mwandishi Jonathan Swift alikuja kutoka Ireland akakaa naye, mwaka 1726 na tena 1727. Kwa majira kadhaa, sehemu nzuri ya fasihi ya Kiingereza ilizunguka meza ya mpangaji huyu.

Waliomfulia na kumlisha hawamo katika orodha za maarufu, lakini wawili wameacha alama. Ukutani pa kanisa la St Mary's, nje, kuna jiwe ambalo Pope alimwekea Mary Beach, yaya wake, aliyekufa mwaka 1725 baada ya kumlea na kumhudumia kwa miaka 38. Na ramani ya bustani tuliyo nayo leo ilichorwa na John Serle, mtunza bustani wake, aliyeichapisha mwaka 1745 bosi wake akiwa tayari kaburini. Watu wanaochora upya bustani ya mshairi humtegemea huyo mfanyakazi kuliko mashairi.

Jirani mwanamke aliyewazidi wengi kwa manufaa ya kudumu alikuwa Lady Mary Wortley Montagu. Mumewe alikuwa balozi Constantinople, Istanbul ya leo, na huko Lady Mary aliona wanawake wa Kituruki wakichanja watoto dhidi ya ndui kwa usaha kidogo wa mgonjwa. Mwaka 1718 akamchanja mwanawe hukohuko, na mwaka 1721, ndui ilipoivamia London, akamchanja binti yake mbele ya madaktari. Alichukua nyumba Twickenham, kwa sehemu kwa sababu Pope alikuwa amevutiwa naye. Baadaye wakagombana vibaya, na Pope, ambaye hakuwa mtu wa kusamehe, akamchafua kwa beti. Ujirani wa watu wenye kalamu kali una gharama zake.

Henrietta Howard ni kisa kingine kabisa. Aliolewa kijana na Charles Howard, mlevi, mcheza kamari na mpigaji. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mali ya mke ilikuwa mali ya mume. Henrietta akapata kazi ya kumhudumia Caroline, mke wa mwana wa mfalme, kisha akawa hawara wa mwana wa mfalme mwenyewe, yule ambaye mwaka 1727 alitawazwa kuwa George II. Mwaka 1723 Henrietta alipewa zawadi ya hisa zenye thamani ya pauni 11,500. Lakini zawadi yenyewe ilikuwa nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ilikuwa hati. Hisa ziliwekwa mikononi mwa wadhamini kwa maneno yaliyomfungia mume mlango: asiziguse, asizidai. Kwa pesa hizo ikajengwa Marble Hill, nyumba nyeupe inayotazama mto, kati ya 1724 na 1729, na Pope akashauri juu ya bustani.

Kwa hiyo ukisikia Marble Hill ikiitwa zawadi ya mapenzi, shuku kidogo. Ilikuwa ngome ya kisheria ya mwanamke aliyeonja mkono wa mume, na alihamia humo akiwa huru alipoondoka ikulu miaka ya 1730. Hapohapo pana jambo lisilopendeza: sehemu ya zile hisa ilikuwa ya South Sea Company, kampuni iliyokuwa na mkataba wa kupeleka Waafrika utumwani katika makoloni ya Hispania huko Amerika. Uhuru wa mwanamke mmoja kando ya Thames ulilipiwa kwa kiasi fulani na minyororo ya watu wengine. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na anayesimulia moja bila jingine anapunja.

Horace Walpole hakukimbia kitu. Baba yake, Robert Walpole, ndiye anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza, na alimwachia mwanawe vyeo vya serikali vyenye mshahara mkubwa na kazi ndogo. Mwaka 1747 akapanga kijumba karibu na mto, mwaka 1749 akakinunua, na kwa miongo iliyofuata akakigeuza kuwa Strawberry Hill: minara, madirisha ya rangi na dari za kuiga makanisa ya kale, wakati ambapo wenzake walijenga kwa kuiga Roma. Watu wakaja kushangaa mpaka akalazimika kutoa tiketi: wageni wanne kwa siku, watoto hawaruhusiwi. Walipokuwa wakiingia, yeye mara nyingi alijificha chumbani. Mwanamke aliyesimamia nyumba ndiye aliyepokea bakshishi zao, na Walpole alitania kwamba ingemfaa amwoe mwanamke huyo ili arudishe gharama za ujenzi.

Karibu na hapo, katika nyumba ndogo ya Walpole iliyoitwa Little Strawberry Hill, aliishi Kitty Clive, mwigizaji wa vichekesho aliyetamba London. Yeye ni mkazi wa Twickenham kwa hisani ya rafiki, na hilo nalo ni aina ya ukazi. Alikufa 1785 akazikwa St Mary's, kanisa lilelile alimozikwa Pope.

Halafu wakaja wenye mataji yaliyoanguka. Louis Philippe, kijana wa ukoo wa Orléans ambaye baba yake alikatwa kichwa wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, alifika mwaka 1800 pamoja na ndugu zake wawili. Mmoja wa ndugu hao alikufa 1807, mwingine mwaka uliofuata huko Malta, wote kwa kifua. Louis Philippe akarudi tena 1815, akapanga nyumba ambayo leo inajulikana kama Orleans House, akakaa mpaka 1817. Mwaka 1830 akawa mfalme wa Wafaransa. Mwaka 1848 akapinduliwa na kurudi Uingereza, safari hiyo akakaa Claremont, mbali kidogo na mto. Kwa hiyo Twickenham haikuwa na Mfalme Louis Philippe. Ilikuwa na mkimbizi ambaye hakujua kama atapata kiti. Orodha nyingi hulisahau hilo.

Watoto na wajukuu waliporudi baada ya 1848 walikuja kama wanunuzi. Mwanawe, Duke wa Aumale, alinunua Orleans House mwaka 1852. Mjukuu, Comte de Paris, alichukua York House, na humo mwaka 1865 akazaliwa binti yake Amélie. Binti huyo akaolewa Ureno akawa malkia. Februari 1908 mumewe, Mfalme Carlos, na mwanawe mkubwa wakapigwa risasi na kuuawa Lisbon. Mdogo, Manuel, akavikwa taji akiwa na miaka 18, akapinduliwa Oktoba 1910. Alikwenda wapi? Twickenham, kitongoji alikozaliwa mama yake. Aliishi Fulwell Park, akikusanya vitabu vya kale vya Kireno, na alifia hapohapo mwaka 1932. Shamba lake likakatwa viwanja vya nyumba, na mitaa ikapewa majina kama Lisbon Avenue na Portugal Gardens. Ukoo mmoja, karne moja na zaidi, unarudi palepale kila serikali inapowatema. Mara ya kwanza walifuata usalama tu. Baadaye walifuata makaburi, marafiki na nyumba walizozijua.

York House iliendelea kuwa na bahati ya wageni. Mwaka 1906 ilinunuliwa na Ratan Tata, mtoto wa Jamsetji Tata mwanzilishi wa kampuni za Tata. Asichanganywe na Ratan Tata aliyefariki 2024. Huyu alizaliwa 1871 na kufa 1918. Bustanini aliweka sanamu kubwa za marumaru za wanawake uchi wakicheza kwenye maji. Zilitoka katika mali ya Whitaker Wright, mfanyabiashara aliyehukumiwa kwa udanganyifu mwaka 1904 na kujiua kwa sumu siku hiyohiyo. Wapita njia hucheka sanamu na kumsahau mwenyewe, ingawa ni Tata huyu ambaye, kuanzia 1909, alimchangia Gandhi fedha katika harakati zake za kuwatetea Wahindi wa Afrika Kusini. Miaka ya 1920 nyumba ikaenda kwa halmashauri ya mji, na mpaka leo ni ofisi zake.

Turner namtaja kwa upendeleo. Mwaka 1807 nyumba ya Pope ilinunuliwa na Baroness Howe, aliyechoshwa na mahujaji wa fasihi waliokuja kuitazama. Mwaka 1808 akaibomoa. Turner alikuwepo na brashi: aliichora nyumba ikiwa magofu nusu, mto umetulia mbele yake. Alikuwa tayari ameshanunua kiwanja Twickenham, na mwaka 1813 akamaliza nyumba ndogo aliyoisanifu mwenyewe, Sandycombe Lodge. Aliyeishi humo muda mwingi alikuwa baba yake, William, kinyozi mstaafu, aliyelima bustani na pia kusimamia jumba la picha la mwanawe mjini. Inasimuliwa kwamba mzee huyo alipochoka gharama za safari alipata mkulima wa mboga aliyekuwa akienda sokoni, akawa anapanda juu ya mboga kwa malipo ya glasi moja ya pombe aina ya gin. Turner aliuza nyumba mwaka 1826. Kwa kuhesabu siku za kulala pale, mkazi alikuwa kinyozi. Mchoraji alikuwa mwenye hati.

Mwaka 1848 reli ilifika na mahesabu yote yakabadilika. Safari ya mjini ikawa ya dakika, ratiba ya maji kujaa na kupwa ikakosa maana, na mashamba makubwa yakaanza kukatwakatwa. Mshairi Tennyson alikaa mtaa wa Montpelier Row kuanzia 1851, mwanawe Hallam akazaliwa hapo 1852, na mwaka 1853 akahamia kisiwa cha Wight. Miaka miwili! Bado yumo katika kila orodha. Mwandishi wa riwaya Dickens aliingia humo kwa majira ya kiangazi tu, mwaka 1838.

Mipaka nayo imechangia vurugu. Twickenham ya kale ilikuwa katika kaunti ya Middlesex, na haikuwa London kiutawala mpaka 1965, ilipoingizwa katika wilaya ya London iitwayo Richmond upon Thames. Mwaka 1937 ilikuwa imeimeza Teddington. Kwa hiyo mwandishi wa tamthilia Noël Coward, aliyezaliwa Teddington mwaka 1899, huhesabiwa wa Twickenham na baadhi ya watu, ingawa siku aliyozaliwa hakuna mwenyeji ambaye angelisema hivyo.

Mwisho kuna vibao vya buluu ambavyo English Heritage, shirika la kutunza urithi wa kihistoria, hubandika kwenye kuta za London. Wengi huvichukulia kuwa ushahidi wa nani alikuwa mkubwa wapi. Kanuni zake ni za ukutani zaidi: jengo lenyewe lazima liwe bado limesimama. Turner anacho chake Sandycombe Lodge. Pope, aliyekaa Twickenham miaka 25, kibao chake kiko Chiswick alikokaa mitatu, kwa sababu nyumba za Chiswick zipo na ya Twickenham ilibomolewa. Pango lake limebaki, chini ya majengo ya shule.

Kanuni nyingine ni kwamba mtu awe amekufa kwa angalau miaka 20, na hiyo inamgusa Trevor Baylis. Huyu aliishi Eel Pie Island, kisiwa kidogo katikati ya mto hapo Twickenham, kinachojulikana zaidi kwa hoteli ambamo Rolling Stones walipiga muziki miaka ya 1960. Mwaka 1991 alitazama kipindi cha televisheni kuhusu kuenea kwa UKIMWI Afrika, kilichoeleza kuwa redio ingeeneza elimu lakini betri ni ghali na umeme haupo. Akaingia kwenye karakana yake akaunganisha springi, jenereta ndogo na redio: unazungusha mkono, springi inajikunja, ikifunguka inazalisha umeme. Kiwanda kikafunguliwa Cape Town, kikiajiri pia watu wenye ulemavu. Baylis alifariki 2018. Kwa mpango wa vibao vya buluu, jina lake haliwezi kujadiliwa kabla ya 2038.